Mercian Vincitore ya mzee wetu: fremu sina neno, magurudumu ya mjukuu yarudi dukani

Nianze na hukumu, maelezo yafuate. Katika baiskeli za kuagizia zilizowahi kupanda kwenye stendi yangu ya kazi hapa Nottingham, hii ndiyo nzuri kuliko zote, na ilibaki kidogo tu iharibiwe na mtu anayempenda mwenyewe. Fremu ni Vincitore ya kampuni ya Mercian, imetengenezwa Derby, mji wa jirani. Mwenyewe ni mzee wa Kizanzibari aliyemalizia ujana wake kwenye kiwanda cha injini za ndege cha Rolls-Royce huko huko Derby, sasa amestaafu. Aliagiza fremu kwa vipimo vyake, akakusanya vifaa kimoja kimoja, kisha akaniletea kila kitu kwenye maboksi nimfungie.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nitazamie kama nimeibiwa."

Hakuibiwa. Lakini kabla sijaingia kwenye vyuma, mjue anayehukumu ni nani. Mimi ni mtu wa Tanga, na Tanga baiskeli si pambo la mwenye nafasi. Anaipanda muuza samaki, anaipanda mwalimu, anaipanda mama anayekwenda sokoni. Ufundi nimejifunza kwenye Phoenix na Raleigh zenye karia nyuma na gunia la mkaa juu ya karia. Kwa hiyo baiskeli ikija kwangu naipindua kwanza, natazama tumbo lake, ndipo nirudi kwenye rangi.

Wapenzi wa baiskeli za bei mbaya hufanya kinyume. Wao huhukumu kwa picha, na picha ina sheria zake. Ipigwe upande wa mnyororo. Mnyororo ukae kwenye sproketi kubwa ya mbele na ile ndogo kabisa ya nyuma. Krenki ilale sambamba na bomba linalokwenda ekseli ya nyuma, au isimame sawa na bomba la siti. Vavu za magurudumu yote mawili ziwe chini, na maandishi ya tairi yaangukie pale pale kwenye vavu. Ukikosea moja tu, hakuna atakayeiona fremu yako, wataiona vavu. Nyingi ya sheria hizi ni madoido, sibishi. Ile ya maandishi ya tairi lakini ina akili: ukipata pancha na kuliona tundu kwenye tyubu, unapima umbali wake kutoka kwenye vavu, halafu unahesabu umbali ule ule kutoka kwenye maandishi, na mwiba unaukuta bila kupapasa tairi zima. Nimeifuata kwenye hii ya mzee na nitaifuata kwenye yako ukiniletea.

Sasa fremu. Vincitore ni fremu ya lagi, yaani vile vifuko vya chuma ambamo bomba huingia na kukutana, kisha lehemu ya shaba ikayeyushwa na kupenya katikati. Lagi za kawaida huishia kwa ncha fupi, basi. Hizi zimekatwa kwa mkono, zikatolewa mikunjo na ndimi zinazotambaa juu ya bomba. Mercian hulehemu kwenye tanuru la wazi la gesi na hewa, namna ya zamani ambayo wachache wameibakiza. Kiungo kizima hupata joto taratibu, pande zote, badala ya kuunguzwa sehemu moja moja. Nilichukua lenzi nikafuata ukingo wa lagi ya pale bomba la juu linapokutana na la siti. Ukingo umepigwa tupa hadi umekuwa mwembamba, huoni pengo, huoni donge la shaba lililofurika na kusahauliwa. Kuzunguka mikunjo yote kuna mstari wa dhahabu uliochorwa kwa brashi. Kwenye lagi ya chini mkono wa mchoraji umepumua kidogo, mstari ukanenepa kwa urefu wa punje ya mchele na kurudi. Mimi napenda uwe hivyo.

Kwa ladha yangu mikunjo imezidi kule kichwani, mbele, ambako macho yanafikia kwanza. Mercian hao hao wana fremu nyingine, King of Mercia, lagi zake zimetulia zaidi, na ningekuwa mimi ningeichukua hiyo. Mzee akanijibu kwamba yeye kwao milango imechongwa, hawezi kununua kitu kilichonyolewa. Hapo nilinyamaza.

Rangi ni kijani cha kung'aa, ile ambayo chini hupakwa fedha na juu yake kijani kinachopitisha mwanga. Ndani ya karakana ni karibu nyeusi. Ukiitoa nje jua likaipiga, inawaka. Kwenye bomba la siti ameomba mistari ya mshazari ya rangi ya maziwa, alama ya nyumba ya Mercian tangu zamani. Stika zote ziko chini ya vanishi, huwezi kuzikwangua kwa ukucha.

Uzuri wa macho nimeumaliza. Nikafunga fremu kwenye stendi, nikachukua uzi wa kushonea viatu. Ncha moja nikaifunga pale inapokaa ekseli ya nyuma, uzi nikaupitisha mbele ya bomba la kichwa, nikaurudisha nyuma upande wa pili na kuukaza. Kisha kwa venia, kile kipimo cha kubana, nikapima kutoka kwenye uzi hadi bomba la siti, kulia, halafu kushoto. Tofauti haikufika nusu milimita. Kipimo hiki hakihitaji mashine, na ajabu ni fremu ngapi za bei kubwa zinazoaibika mbele ya uzi wa viatu. Nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 130 kamili, kama ilivyo desturi ya fremu za barabarani za breki za rimu. Hesi za krenki zilikuwa safi. Kwa fremu za Kiingereza kikombe cha kulia, kile kinachobeba beringi ya krenki, hufungwa kinyume, na ndipo vijana wanapoua hesi kwa kulazimisha. Hapa vikombe vyote viwili viliingia kwa vidole karibu hadi mwisho, spana ilikuja kukaza tu.

Bomba ni za chuma aina ya Reynolds 725, za Birmingham. Wajuaji walimshauri mzee achukue 853, kwa sababu 853 ina sifa hii: ikichomelewa na kupoa hewani, sehemu iliyopata moto huzidi kuwa ngumu. Sifa ni ya kweli, ila inamfaa zaidi anayeunga bomba kwa bomba bila lagi. Ukishaamua kulehemu ndani ya lagi, 725 inakutosha na chenji unarudi nayo nyumbani. Mzee amefanya kazi na vyuma maisha yake yote, hakuyumba.

Historia kwa ufupi, kwa sababu fremu hii ilinusurika isizaliwe: Mercian ilianzishwa mwaka 1946 na Tom Crowther na Lou Barker. Mwaka 2024 ikatangaza kufunga, watu wakaanza kutuma rambirambi, kisha mwaka huo huo wapenzi wa baiskeli wa huko huko Derby wakaichukua na moto wa tanuru ukaendelea. Hapa Nottingham hatukuwa na bahati hiyo. Raleigh, iliyoanza mwaka 1887 na kuzisambaza baiskeli zake kuanzia Mombasa hadi Bukavu, haina tena kiwanda hapa. Sehemu ya eneo lake la zamani sasa ni chuo kikuu.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo linalotenga baiskeli ya kuagizia na ya dukani. Washa. Zile pete zinazopangwa juu ya shingo, chini ya kishikio cha usukani, ili usukani upande juu. Kwenye baiskeli ya dukani sina neno nazo: kiwanda kinatengeneza saizi chache, wewe una mwili wako, washa zinasuluhisha. Lakini mtu aliyelipa apimwe urefu wa mguu, mkono na kiwiliwili, akasubiri zamu yake miezi na miezi, halafu baiskeli ikaja na mnara wa washa? Aliyepima alikosea, au aliyepimwa alitoa vipimo vya mwili aliokuwa nao miaka ishirini iliyopita. Hakuna sababu ya tatu.

Wakati ule ule nilikuwa na baiskeli nyingine kwenye karakana, ya titani, ya kuagizia pia, mtengenezaji simtaji. Bei yake ni maradufu ya hii. Ina sentimita nne za washa na kishikio cha usukani kimetazama juu kana kwamba usukani unaomba dua. Mipira ya mafuta ya breki yote imepitishwa ndani ya usukani na ndani ya shingo, picha yake safi kabisa, huoni waya hata mmoja. Siku beringi ya shingo ikila mchanga, kuibadilisha maana yake ni kufungua mipira ya breki, kumwaga mafuta, kuanza upya. Na kishikio cha breki ya nyuma hakikusawazishwa, diski ikawa inasugua. Ilibidi nikichonge mimi, kwenye fremu mpya. Mishono yake ya kuchomelea lakini, haki ya Mungu, imepangika. Ukiitazama kwa mbali utaisifu. Watu wanaisifu.

Mzee ana mgongo wa miaka sabini na ushee. Usukani wake uko sawa na siti, na hakuna washa hata moja. Kwanza bomba la kichwa limerefushwa kwenye vipimo. Pili ameweka kishikio cha usukani cha zamani, kile kinachozama ndani ya bomba la uma, cha Nitto wa Japani, aluminiamu iliyosuguliwa hadi inaonesha sura. Kesho mgongo ukimsumbua analegeza bolti moja juu, anaigonga kidogo, anakinyanyua kishikio, anakaza. Dakika moja, na picha inabaki nzuri ile ile. Teknolojia hii imetupwa na karibu watengenezaji wote wakubwa, na sababu zao za uzito na ugumu nazijua. Kwa mtu asiyeshindana na yeyote, sababu hizo ni za mwingine.

Vifaa vya mwendo ni Athena za Campagnolo, kampuni ya Italia, gia 11 nyuma, rangi ya fedha. Hapa mzee alihangaika, kwa sababu vifaa vizuri vya rangi ya fedha vimekuwa adimu. Shimano, SRAM na Campagnolo wenyewe huko juu wamehamia kwenye weusi. Athena haitengenezwi tena, akaipata kwenye boksi haijaguswa. Nilichopenda ni kwamba kila mkono una kazi yake: wenzo wa breki ni wa breki tu, wenzo mdogo nyuma yake unapeleka mnyororo upande mmoja, kitufe cha dole gumba kinaurudisha. Hata ukivaa glavu za baridi huchanganyi. Krenki ni za ule mtindo wao wa ekseli iliyokatwa katikati: nusu inatoka kulia, nusu kushoto, meno ya nusu hizi yanaumana ndani ya fremu na bolti moja ya spana ya L ya milimita 10 inayakaza. Hakikisha fundi wako ana spana ndefu na kipimo cha kukazia, maana kwa kukisia utakuja kusikia kelele kila ukikanyaga.

Habu na beringi za shingo ni Chris King, za Marekani, ambao beringi zao huzitengeneza wenyewe. Ghali? Ghali sana. Habu ya nyuma ni ile R45: ndani mwake kuna pete mbili zenye meno 45 ambayo yote hushikana kwa mpigo mmoja, badala ya vile vijino vichache vinavyoruka ruka kwenye friwili ya kawaida. Ukianza kukanyaga, gurudumu linaitika hapo hapo. Ningemruhusu mzee abane matumizi kokote kwingine, si hapa. Kitu kinachozunguka ndicho kinachokuweka barabarani.

Siti ni Brooks ya ngozi yenye ripiti kubwa za shaba zilizogongwa kwa nyundo, rangi ya asali. Ina tabia ambayo wauzaji hawaitaji: reli zake ni fupi. Ukiifunga kwenye bomba la siti lililonyooka, inakusogeza mbele na uzito wako unaangukia viganjani. Mzee alikuja na bomba lililonyooka, zuri, la bei. Nikamwambia alirudishe akachukue lenye kichwa kilichorudi nyuma. Hilo la pili ni Nitto pia, na ndilo limekaa. Lililobaki ni kuipaka siti mafuta yake na kuiepusha na mvua, jambo ambalo kwa Uingereza ni kama kumwambia samaki ajikaushe.

Tukafika kwenye magurudumu, na mjukuu akafika nayo. Kijana mzuri, ana heshima, amemnunulia babu yake zawadi kwa pesa zake: rimu za kaboni, nyeusi, kina cha milimita 50, maandishi makubwa meupe.

"Babu, hizi ndizo za kisasa."

"Babu mwenyewe si wa kisasa," mzee akajibu, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

Sikutaka kusema kabla ya kuona, nikazifunga. Tatizo lilionekana kwa wote waliokuwepo, hata yule aliyekuja kununua tyubu tu. Bomba nene kuliko zote za fremu hii halifiki milimita 32. Rimu ni milimita 50. Magurudumu yakawa mazito kwa macho kuliko fremu inayoyabeba, ile kazi ya lagi ikapotea kabisa, ukawa unaona duara mbili nyeusi na kitu cha kijani katikati. Kwenye fremu za kisasa zenye bomba nene rimu hizo zinapendeza, ndiko kwao. Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabarani yalipofanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika, jamaa zangu wengi wa nyumbani waliziona zile baiskeli za timu kwa macho na sasa wanaamini baiskeli ya bei lazima iwe nene, nyeusi, nyaya ndani. Ile ni zana ya mtu anayekimbia kilomita 267 dhidi ya upepo na wenzake. Mzee anakwenda Matlock, mji mdogo kaskazini mwa Derby, kunywa chai.

Na uzuri si hoja pekee. Breki zake zinabana rimu. Kaboni iliyolowa hushika kwa kuchelewa ukilinganisha na aluminiamu, inataka vipande vya breki vya aina yake, na kwenye mteremko mrefu joto linakaa. Kuanzia Derby kwenda kaskazini ni milima na mvua. Kijana alinisikiliza, akauliza maswali ya maana, akakubali kuzirudisha dukani alikozinunua.

Mimi nikasuka zile Chris King kwenye rimu za aluminiamu za rangi ya fedha, spoku 32 kila moja, nati za spoku za shaba, kila spoku ikivuka tatu. Tairi ni Vittoria Corsa zenye ubavu wa kahawia, na kahawia hiyo imeshikana na ngozi ya siti na utepe wa pamba kwenye usukani, ambao nimeumalizia kwa uzi badala ya plastiki. Ghafla fremu ikaonekana. Jicho linaanzia kwenye lagi, linateremka na mstari wa dhahabu, linafika kwenye krenki.

Wapo watakaoikosoa kwa sababu ya kengele. Mzee ameweka kengele ya shaba, kubwa, karibu na shingo, na wapiga picha huko nje wataniandama niitoe. Haitoki. Mtu aliyekulia mji wa baiskeli hajui kupanda baiskeli bubu.

Uzito, na kengele yake, kilo tisa na nusu. Wa kaboni watacheka. Nimeizungusha hadi nje ya mji na kurudi kabla ya kuikabidhi: inakwenda ilipoelekezwa, ukitoa mikono inanyooka yenyewe, na kwenye barabara mbovu ya kando ya mto Trent uma wa mbele unanyonya mtikisiko ambao ile titani iliurusha wote viganjani. Nyuma kuna uvumi mwembamba wa habu ukiacha kukanyaga, basi.

Bei: fremu na rangi imepita pauni 2,000, na kwa risiti alizonionesha, baiskeli nzima haikufika 5,000. Ni pesa nyingi. Baiskeli za juu kabisa za makampuni makubwa, zinazotoka kiwandani kwa saizi chache, leo zinapita 10,000 na bado utapanga washa.

Lawama yangu iliyobaki ni nafasi ya tairi. Breki za Athena ni fupi, tairi ni za milimita 25, na mzee sasa anataka madigadi kwa ajili ya masika ya huku, ambayo hayana mwisho. Hayapiti. Ningeulizwa kabla fremu haijaagizwa, ningesema iandaliwe kwa breki zenye mikono mirefu, tairi za 28 na madigadi ya chuma yaliyopakwa kijani kile kile. Nimemwambia achague: madigadi, au breki zinazofanana na krenki. Amesema atafikiri. Mjukuu yuko upande wa breki, mimi niko upande wa madigadi.